Nusu Kete ya Filina

Sogeeni, wanangu. Kalia, acha kusimama mlangoni kama askari wa zamu, njoo ukae hapa nikuone; na wewe Damo, binti yangu, nikalishe, niwekee mto mgongoni, maana maneno niliyonayo leo hayasemwi na mtu aliyelala chali. Mlango wa uani uacheni wazi. Najua upepo unaingia. Uacheni wazi hivyo hivyo, nataka yule aliyekaa kwenye majivu ya meko yangu asikie kila neno, kwa sababu mengi ya haya ni yake, na ameyafuata mwenyewe kwa miguu kutoka Korintho.

Sheria ya mji huu inasema mwanamke hausii. Mali ni ya mwanamume, na mwanamume wa nyumba hii ni wewe, Kalia, tangu ndevu zako zilipoota. Haya, basi si wosia, ni maneno ya mwanamke mgonjwa. Lakini ole wake atakayeyapuuza, maana mimi nikifa siendi mbali, mtanizika kando ya njia ya bandarini na mtanipita kila mnapokwenda kuuza majoho.

Vitanda vya kufumia ni vya Damo, vyote, pamoja na wanawake wanaovifanyia kazi, na wasitenganishwe, wamezoeana mikono. Shamba la vitunguu saumu na majaruba ya chumvi ni yako, Kalia. Yule nguruwe jike mwenye sikio lililochanika apelekwe kwa wajukuu wa Bibi Arkipe pamoja na watoto wake, na msiwabanie, kwa sababu bila Bibi Arkipe hakuna hata mmoja wenu ambaye leo angekuwa na meno ya kutafunia. Jirani yetu Eutiko amekuwa akiusogeza ukuta wake kidogo kidogo kila msimu, akidhani sioni. Naona. Siku ya matanga yangu atakuja kulia kuliko nyinyi. Mwacheni alie, mpeni divai anywe, kisha mshikeni mkono kwa adabu mkampeleke ukutani na kumwonyesha jiwe la mpaka. Hayo ndiyo madogo. Sasa naingia kwenye lile lililonifanya nisife mpaka leo.

Nyinyi mnaijua hadithi hii vipande vipande. Leo isikieni nzima.

Nilizaliwa katika mji wa Sikioni, na ukuta kwa ukuta na sisi aliishi Filina, binti wa mshona viatu. Sikuwa na dada, naye hakuwa na dada, na tangu tulipoweza kutambaa hakuna aliyetuona mmoja bila mwenzake. Tulicheza mdako kwa kete za mifupa, vile vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo, unarusha, unadaka kwa mgongo wa kiganja, na Filina alikuwa mwizi wa mchezo, anadaka tatu anadai nne, nami namwachia. Sioni haya kuwaambia kwamba nilimpenda. Nilimpenda kabla sijajua kuna kitu kinaitwa mume, na nilipoolewa nikampenda baba yenu Pamfilo kwa moyo uliokwisha kufunzwa kupenda na mtu mwingine. Yeye alilijua hilo, na hakununa, alikuwa mtu mwema.

Mnajua wanaume wana desturi yao. Mtu akifanya urafiki na mwenzake wa mji mwingine, wanapasua kete moja, kila mmoja anabaki na nusu, na siku yoyote, hata akija mjukuu wa mjukuu, aletaye nusu inayooana na ile ya nyumbani anaoshwa miguu, analishwa, anatandikiwa, na haulizwi jina mpaka ameshiba. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana watu wazima hawaahidiani kwa ulimi mtupu. Lakini hiyo ni ya wanaume. Mwanamke ana safari gani, wanasema, zaidi ya ile ya kutoka kwa baba kwenda kwa mume?

Sasa Filina aliposwa Korintho, nami nikaposwa pale pale Sikioni, ikafika siku ya kumpelekea Artemi, mungu wa kike wa wasichana, vitu vyetu vya utoto, kama kila msichana anavyofanya kabla ya harusi, maana mke wa mtu hachezi mdako. Tulimpelekea wanasesere, tukampelekea mikanda yetu, tukampelekea mifuko ya kete. Tukamficha moja. Ilikuwa kete kubwa, ya kondoo dume aliyechinjwa harusi ya kaka yake Filina, nzito, imelainika kwa vidole vyetu. Filina akachukua kisu cha baba yake cha kukatia ngozi, akaiweka kizingitini, akaipiga jiwe juu, ikapasuka kombo: nusu yake ikatoka na jino, nusu yangu ikatoka na pengo. Akasema, "Nika, wanaume wana wageni wao, mimi mgeni wangu ni wewe. Ukija kwangu hata una ukoma, ukiwa na pengo hili nitakufungulia." Nami nikamwambia, "Nawe ukija na jino lako, hata umeua mtu." Tukacheka. Wasichana walio karibu kuolewa hucheka ovyo.

Nikaolewa. Nusu yangu nikaitia ndani ya kikasha cha pini na shanga, chini kabisa, na maisha yakaifunika. Nilimzaa Kalia, nikakuzaa Damo, nikamzaa Mironi. Wewe Damo ulikuwa kima mdogo, kila nililofanya uliliiga; nikisokota unasokota uzi wa hewani, nikisuka nywele unamsuka mbwa. Siku moja nilikusimulia habari za kete ya Filina, na kesho yake nikakukuta na yule mtoto wa jirani mmeiba kisu cha jikoni na kupasua kete nzima ya mwanakondoo, eti na nyinyi ni marafiki wa nyumba mbili. Nilikuchapa kofi kwa ajili ya kile kisu. Unakumbuka? Usitingishe kichwa tu.

Kisha ukaja mwaka wa fitina, watu wa mji mmoja wakachinjana kama wageni. Baba yenu aliuawa sokoni, mchana kweupe, na ndugu yake mwenyewe Theogene ndiye aliyewaongoza wale watu mpaka mlangoni kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliruka ukuta wa nyuma na Mironi kifuani, Kalia ukinishika vazi, Damo ukilia hutaki kuondoka bila mfuko wako wa kete, na kwa kuwa ulikuwa unapiga kelele nikarudi ndani, nikauchukua mfuko, na mkono huo huo nikaupenyeza kwenye kikasha cha pini, nikapapasa, nikaigusa nusu kete, nikaifumbata kiganjani. Sikuchukua dhahabu. Sikuchukua hata joho. Nilijiambia, nina Filina, joho la nini?

Tulifika Korintho tumelowa mpaka mifupani. Mironi alikuwa anakohoa. Mlangoni kwa Filina palining'inia kishungi cha sufu, na mnajua maana yake: humu amezaliwa mtoto wa kike. Nikafurahi, wanangu, nilisimama pale kwenye mvua nikamfurahia. Nilijua mzazi hatoki wala haonani na mtu wa nje mpaka siku zake za uzazi ziishe, kwa hiyo nikampa bawabu ile nusu kete na jina langu, nikamwambia mpelekee bibi yako, hahitaji kunitazama, akitazama hii ataelewa. Bawabu akaingia. Nikasikia mlango wa ndani. Nikawaambia nyinyi, jifuteni pua, tunaingia kwa watu. Kisha bawabu akatoka na uso mwingine kabisa, akasema neno moja.

"Hazioani."

Nikamwambia rudi, umeshika vibaya, geuza. Akasema, "Bibi amegeuza. Bibi anasema hazioani, na bwana anasema matapeli wa Sikioni wamezidi msimu huu." Akaitupa nusu yangu matopeni. Nilipiga magoti nikaitafuta kwa vidole, Mironi akikohoa mgongoni mwa Kalia, na ndani ya nyumba ile nikasikia kichanga kinalia, na mtu anakibembeleza.

Mironi hakuvuka ile shingo ya nchi kati ya Korintho na hapa Megara. Alfajiri alikuwa baridi kuliko mvua. Nilimchimbia chini ya msonobari kwa mikono, kwa sababu sikuwa na jembe, na Kalia alinisaidia, na hadi leo Kalia hapiti njia ile. Pale kaburini nikararua pindo la vazi langu, nikaifunga nusu kete pamoja na matope yake, nikaishona kwa pini na uzi wa pindo iwe kifundo cha kuvaa shingoni, nikaapa kwa Zeu mlinzi wa wageni kwamba sitaifungua mpaka siku jino la Filina litakapokuja mlangoni kwangu linahitaji. Siku hiyo nitaifungua, nitaziweka pamoja, zitaoana kama zilivyoumbwa kuoana, na mimi nitamtazama machoni nimwambie neno lake.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Watu wa Megara waliniona nafuma, nacheka, nauza, wakasema mjane yule kapona. Bibi Arkipe ndiye aliyetuokota, mnajua, mwanamke wa nguruwe, ananuka nguruwe, alitukuta tumelala zizini kwake akasema, "Nyie, amkeni, uji umeiva," na hakutuuliza sisi nani mpaka jua lilipokuwa utosini. Nikajenga maisha. Lakini kila mwaka siku ya Mironi sikumwaga divai tu, nilimlaani Filina kwa jina, kwa tumbo, kwa maziwa ya kifua chake. Sikuwauzia Wakorintho joho hata moja. Wamekuja na sura za kunibembeleza, nikawajibu, Megara nzima inafuma, nendeni mbele. Theogene alikufa kitandani mwake akiwa mnene, na sikumlaani hata robo ya nilivyomlaani Filina. Adui akikuuma, hiyo ndiyo kazi yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yule asiyekufaa akiwa ameketi penye joto, anakusikia mlangoni, huyo hana jina katika lugha yoyote.

Na nyinyi niliwalea kwa chuki hiyo hiyo. Damo, mwanangu, yule kijana wa Korintho, mchonga mihuri, aliyekuja kukuposa na maapulo yake kwenye kikapu, alikuwa kijana mzuri. Niliona jinsi ulivyomtazama. Nilimfungulia mbwa. Nikakuoza kwa yule mgane mwuza chumvi aliyekuzidi umri na kukuzidi maneno, na siku ulipoupeleka mfuko wako wa kete kwa Artemi ulikuwa unalia, nami nikajifanya nadhani unalilia kete. Nililijua nililofanya. Nililifanya kwa sababu sikutaka mjukuu wangu anyonye maziwa ya mji ule. Leo nasema hivyo hivyo, sijutii, nawaeleza tu mjue bei ya kitu mtakachokiona sasa.

Kwa sababu asubuhi hii, Kalia, ulikuja kitandani kwangu umepauka, ukasema, "Mama, kuna mwanamke amekaa mekoni, ana mtoto, anasema ni binti wa Filina wa Korintho, na ana nusu ya kete." Mumewe ameuawa, nyumba yao imechukuliwa, Wakorintho nao sasa wanachinjana. Mkuki kwa nguruwe, wanangu. Nikakuambia msimwoshe, msimlishe, msimpe hata maji, mwacheni kwenye majivu mpaka nipate nguvu za kukaa. Nimezipata. Na nimemsikia mtoto wake akikohoa tangu asubuhi. Msinitazame hivyo. Mironi naye alikohoa.

Mleteni. Binti wa Filina, ingia, usimame hapo, usogee kwenye mwanga, ingawa macho yangu yana ukungu na nitakutazama kwa vidole. Umefanana na nani? Usinijibu. Wewe ndiwe uliyekuwa unalia ndani siku ile, na sufu iliyokuwa mlangoni ilikuwa yako. Umelelewa kwa joto la meko ambalo watoto wangu walilikosa. Sikuchukii wewe, binti, sikujui hata kukuchukia. Lakini huyo niliyemngoja kakutuma wewe, na deni la mama hurithiwa pamoja na pua yake. Nipe hiyo nusu. Naam. Naam, hii ndiyo. Nzito, laini, na hili hapa jino. Ningeijua hata ndani ya mdomo wa samaki.

Damo, fungua kifundo changu, hicho hapo shingoni. Kata nyuzi. Kata tu, kiapo kimetimia. Pangusa matope kwa kidole, usitumie maji. Iweke kiganjani mwangu. Sasa nyote tazameni, Kalia shika taa karibu, nataka aone kwa macho yake kwamba zinaoana, aone vizuri, ndipo nimwambie.

Ngoja.

Ngoja, nimeishika kinyume. Geuza, Damo, vidole vyangu havina nguvu. Geuza tena. Sukuma. Mbona jino linagonga jino? Pengo langu li wapi? Hii mbona ndogo? Hii... hii ni ya mwanakondoo, hii si ya dume, nani kachezea kifundo changu? Binti, umeniletea kitu gani? Hapana, ya kwako ni yenyewe, nimeishika, hii ni yenyewe. Ya kwangu ndiyo... Kalia, leta taa. Hazioani. Wewe Zeu, hazioani.

Nyamazeni nyote. Damo, kwa nini umefunika uso? Ondoa mikono usoni nikusikie. Yako? Yako vipi? Sema taratibu, mwanangu, mimi ni mgonjwa, usinikimbize. Unasema ile uliyoipasua na mtoto wa jirani, ile niliyokuchapia kofi, uliiweka nusu yako ndani ya kikasha changu cha pini, juu ya yangu, ili ziwe pamoja. Kwa sababu yangu ilikuwa hapo. Kwa sababu kila nililofanya uliliiga. Na yangu? Uliitoa ukachezea. Ilikuwa ndani ya mfuko wako, ule ule nilioubeba mwenyewe kwa mkono huu, siku ile ile, ukalala nao zizini kwa Bibi Arkipe, ukakua nao, ukidhani ni nusu yako ya mchezo, na siku ya kuolewa ukaupeleka.

Kwa Artemi.

Hah. Tulimwibia kete moja, mimi na Filina. Mungu wa kike yule hasahau kilicho chake. Alikuja kuichukua.

Usilie, Damo. Ulikuwa hujang'oa hata jino la mbele. Nimesema usilie, leo ni siku yangu ya kulia na bado sijaamua. Binti, nawe unasema nini huko? Rudia, sikio hili moja limekufa. Anasema mama yake aliishika nusu ile ya mwanakondoo akapiga kelele, akasema aliyeileta amemwibia Nikareta, yaani mimi, vitu vyake au amemuua, maana jina ni lake na kete si yake. Anasema siku zake za uzazi zilipokwisha alituma mtu Sikioni, mtu akakuta nyumba imeungua, akarudi na majivu kwenye kitambaa. Anasema mama yake alikata nywele. Alizikata kwa ajili yangu, mimi nipo hapa nanenepa kwa chumvi ya Megara, na kila mwaka akamwaga asali na maziwa kwenye ardhi kwa jina langu. Mimi namlaani, yeye ananimwagia asali. Na haya yote yamekuwa yakipishana njiani hapo kwenye msonobari wa Mironi.

Na amejuaje kwamba niko hai? Sema tena hapo. Hah, Kalia, umesikia? Mchuuzi mmoja alikaa kwao akalalamika kwamba Megara kuna mzee, Nikareta wa Sikioni, anafuma majoho mazuri kuliko yote na hawauzii Wakorintho hata wakimlia miguuni. Na Filina, akiwa kitandani anakufa, akakaa kitako akasema, "Ni yeye. Hakuna mwanamke mwingine duniani anayejua kununa namna hiyo." Akacheka. Akakupa nusu yake. Akasema ukipatwa na jambo nenda kwake, atakufungulia hata umeua mtu.

Nilisema hivyo. Kizingitini kwa baba yake, nilisema hivyo.

Sasa nifanye nini na hii hasira? Niambieni nyinyi wenye nguvu. Hasira hasara, wanasema watu ambao hawakuwahi kuilea. Mimi nimeilea kuliko nilivyowalea nyinyi, nimeilisha kijana wako wa mihuri, Damo, nimeilisha biashara, na leo imekaa hapa kifuani imekosa mtu wa kumuuma. Filina, mwanamke mwenye kichwa kigumu, kwa nini hukutoka? Kwa nini hukuvunja miiko ya uzazi ukachungulia mlangoni mara moja tu, ukaniona? Ndiyo, bado nakulaumu. Kidogo nitabaki nacho. Sitakwenda kuzimu mikono mitupu.

Kalia, najua unachofikiri, wewe ni mtu wa sheria. Unafikiri hazioani. Kweli, hazioani, na ile inayooana imening'inia ukutani kwa Artemi, na kilichotolewa kwa mungu hakiombwi tena, hata kuhani mwenyewe hawezi. Kwa hiyo binti huyu hana ushahidi, hatakuwa nao kamwe. Angeweza kuwa mwizi. Angeweza kuwa amemuua binti wa Filina njiani akamwibia kete. Filina aliwaza hivyo hivyo, na aliwaza vizuri, alifuata desturi neno kwa neno, na mwanangu akafia njiani.

Bibi Arkipe hakuwa na kete. Hakujua hata kwamba kuna kitu kama hicho. Alikuwa na uji.

Nisikilizeni, maana sauti inaniacha. Mwosheni miguu. Damo, mwoshe wewe, kwa mikono yako, na maji yawe ya moto. Mtoto mpelekeni chumba cha kufumia, ndicho chenye joto, mfunikeni kwa lile joho la buluu nililokuwa nimejiwekea la kuzikiwa. Mimi kule niendako sihisi baridi. Mchemshieni maziwa na kitunguu saumu. Na nyumba hii, Kalia, kuanzia leo, isimdai mtu kete. Mtu akija amelowa, mmeona kwamba amelowa, ushahidi gani tena mnautaka? Wakorintho wauzieni majoho. Wapandishieni kidogo.

Ile nusu ya Damo nizikeni nayo, iko sawa, imenizoea. Ya Filina arudishiwe binti. Nikimkuta huko chini nitamtukana kwanza, matusi yote niliyoyaweka, hata moja halitabaki, kisha nitamwambia aketi tucheze mdako, na safari hii nikiona anadai nne kwa tatu sitamwachia.

Damo, nyanyua uso. Uwe na vidole vyepesi na mlango mwepesi. Kalia, upite kwenye ule msonobari. Mpitie mdogo wako. Mungu wa mekoni awashike... awashike mkono, nyote, na watoto wenu, na huyo anayekohoa.

Nilazeni. Si chali, upande huu, nimwone.

Binti, nataka kukuuliza jina lako. Lakini desturi ni desturi, mgeni haulizwi kabla hajashiba. Mpeni mkate. Mpeni na jibini, na tini zile kavu. Kula, mwanangu. Usile haraka.

Nitangoja.